Depo Yetu: Barabara ya Kasomeno

Wiki iliyopita mlango ulikuwa unavunjwa. Leo umevunjika.

Uliangukia ndani pamoja na fremu yake, na watu wenye bunduki wakapita juu yake. Kasereka alikuwa chini ya meza. Walimvuta kwa mguu hadi katikati ya ofisi, juu ya vipande vya vioo, na mtu wa kwanza kumkanyaga shingo alikuwa amevaa buti za machimboni.

"Njo huyu?"

"Njo yeye, Komanda. Patron wa Depo Yetu."

Msomaji uliyetukuta njiani, shika haya machache kisha tukimbie pamoja. Lubumbashi imeanguka. Wakubwa wamekimbia, askari wamevua magwanda na kuyatupa mitaroni, na katikati ya mji, kwenye benki na maduka makubwa, anatawala Komanda Rigobert na watu wake wenye vitambaa vyeusi mkononi. Unga umekwisha. Mji wenye njaa umeambiwa kwamba wafanyabiashara waliotoka Kivu wameuficha, na umeamini. Sasa kampuni moja tu inajua kila gunia liko depo gani na kila lori liko barabara gani. Kampuni hiyo ni Depo Yetu, na mwenyewe ni huyu aliyekanyagwa shingo, Kasereka, mzaliwa wa Butembo.

"Malori iko wapi?" Rigobert aliuliza.

Kasereka alifumba macho.

Hakuyaficha malori kwa ajili ya unga. Alfajiri ile malori ya wateja wake yalikuwa yametoka mjini kwa barabara ya Kasomeno, ili yafike Kasenga na abiria wavuke mto kuingia Zambia. Ndiyo, abiria. Chini ya yale maturubai hapakuwa na gunia hata moja. Walikuwemo wanawake, wazee na watoto wachanga, familia za watu wa Kivu ambao nyumba zao zilikuwa zimeanza kuchomwa moto. Na kila lori lilikuwa na kifaa cha Depo Yetu chini ya usukani, kikitangaza bila kuchoka mahali lilipo.

Rigobert alidhani anawinda chakula. Akiyafungua yale maturubai, angekuta watu ambao vijana wake walikuwa wanawatafuta nyumba kwa nyumba.

"Patron, nilikuuliza kitu."

"Sijui, Komanda. Malori ni ya bateja. Habaniambiaka fasi inaenda."

Rigobert hakukasirika. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu anayeongea kanisani. Alimgeukia mzee Léonard, mlinzi wa ofisi, aliyekuwa amesimamishwa ukutani mikono kichwani.

"Na weye, papa? Unajua?"

"Miye ni sentinelle tu, mwana wangu. Minafungua mulango, minafunga mulango."

Rigobert akautazama mlango uliolala chini.

"Mulango ilishavunjika, papa. Hauna tena kazi."

Akampiga risasi ya kifua.

Mzee Léonard aliteleza taratibu ukutani, akakaa, kama mtu aliyechoka kusimama zamu. Kasereka alipiga ukelele. Buti ikamrudisha chini.

"Bebeni mashini zote," Rigobert aliamuru. "Malori iko mule ndani."

Vijana wakaanza kung'oa kompyuta, nyaya zikikatika. Mmoja alikuwa tayari ameiweka ya kwanza begani wakati sauti iliposikika kutoka kwenye ngazi.

"Acheni hizo. Mule hamuna kitu."

Kasereka aliijua sauti hiyo kabla hajageuza kichwa. Alikuwa ameisikia kila siku kwa miaka, ikibembeleza wateja, ikicheka, ikiimba harusini.

Adrien aliingia. Kwenye mkono wake wa kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa cheusi.

"Jambo, beau," alisema.

Shemeji yake! Mume wa mdogo wake, Benita!

Hawa wawili, pamoja na Émerance, ndio walioizaa Depo Yetu. Ilizaliwa Katuba, katika chumba cha nyuma cha mama yake Émerance, kati ya magunia ya makaa. Lori moja la samaki la baba yake Kasereka lilikuwa limepotea njiani kutoka Kasenga, na hakuna aliyeweza kusema hata lilipotelea kona ipi. Émerance, aliyekuwa amesomea kompyuta chuo kikuu, alisema jambo hilo halipaswi kumpata mtu tena. Akaandika programu. Kasereka akaleta malori ya baba yake kuijaribu. Adrien, mtoto wa Lubumbashi mwenye ulimi wa asali, akazunguka depo kwa depo akiiuza, hadi ikawa hakuna mfanyabiashara wa jumla, kutoka katikati ya mji mpaka mpakani Kasumbalesa, ambaye haoni mali yake yote kwenye simu yake.

Kisha walipokuja watu wa nje wenye mtaji, jina la Adrien likaondolewa kwenye kampuni. Aliyeliondoa ni Kasereka. Hayo tuliyasimulia. Leo aliyeondolewa alikuwa amesimama juu ya kichwa cha aliyemwondoa.

"Elezea," Rigobert alisema.

"Komanda, hizi mashini ni kama dirisha. Unachungulia tu. Bintu yenyewe inaandikwa mu mashini kubwa kule mbali, mu inchi ya bantu bengine. Banaitaka wingu."

Rigobert alitazama dirishani, kwenye anga jeupe la mchana lililojaa moshi.

"Wingu? Unanichekea, weye pia?"

"Hapana, Komanda! Ni namuna ya kusema. Ukiwa na ufunguo, unaona malori yote sasa hivi, ku ekra, inatembea."

"Na ufunguo iko na nani?"

Adrien akamwonyesha Kasereka kwa kidole.

"Moja iko mu kichwa ya huyu. Ya pili inaingiaka mu telefone ya Émerance. Bila zote mbili, hauingie."

Ndipo walipomkalisha Kasereka kwenye kiti chake mwenyewe na kuuweka mkono wake wa kulia juu ya meza. Sahani ya setilaiti ilikuwa bado juu ya paa, jenereta bado linanguruma uani. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Kasereka aliomba moyoni kifaa chochote kiharibike. Hakikuharibika.

"Beau, andika tu," Adrien alinong'ona. "Bantu banakufa na njala. Ni bunga. Utakufa juu ya bunga?"

Kasereka alimwangalia machoni. Alitamani kumwambia jambo moja. Lakini Rigobert alikuwa amesimama karibu mno.

"Toka mbele yangu, Adrien."

Kitako cha bunduki kikashuka. Vidole viwili vikavunjika kwa mpigo mmoja.

Kasereka hakujua kama aliyelia ni yeye. Kitako kikanyanyuliwa tena.

"Sawa! Sawa. Nitaandika."

Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, jasho likimdondoka. Kwenye ekra ya kompyuta yake ikatokea ramani, mji na barabara zake zote zikiwa na ukungu, na sanduku dogo likidai ufunguo wa pili.

"Piga telefone," Rigobert alisema. "Ulize yule mwanamuke."

Simu ya Kasereka ikawekwa mezani, sauti ikafunguliwa. Ikaita. Ikaita.

"Allô? Kasereka? Uko muzima?"

"Niko muzima, Émerance."

Kule Katuba, Émerance alikuwa amekaa kitandani katika kile kile chumba cha nyuma, kompyuta magotini, akiyafuata malori kwa macho tangu alfajiri. Nje, watu walikuwa wanapita wakikimbia. Mama yake, Mama Marceline, alikuwa amesukuma kabati mlangoni na kushika panga. Sauti ya Kasereka ilimwambia Émerance kila kitu. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye damu mdomoni.

"Code imefika mu telefone yako?" Kasereka aliuliza.

"Imefika."

"Uko unaiona?"

"Minaiona. Niisome?"

Rigobert aliinama karibu na simu. Adrien alishika kalamu. Kasereka alivuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma.

"Futa, Émerance! Futa yote! Futa na nakala!"

Ngumi ilimrusha na kiti chake. Lakini hata akiwa chini, na mateke yakimjia mgongoni, aliendelea kupiga kelele neno hilo hilo, futa, futa, mpaka buti ikamfunga mdomo.

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya ile simu, nyembamba, kama ya mtu anayeuliza njia.

"Yote?"

Rigobert aliikanyaga simu ikapasuka.

Émerance hakuhitaji jibu. Ni yeye aliyeijenga Depo Yetu mstari kwa mstari, na ni yeye peke yake aliyekuwa na uwezo wa kuibomoa. Hilo si jambo la kubonyeza mara moja. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo. Ikamwonya kwamba hakuna kurudi nyuma. Akasema ndiyo. Zikaondoka depo, yakaondoka malori, yakaondoka majina ya wateja, wengine aliokuwa amewafundisha yeye mwenyewe jinsi ya kushika kipanya. Zikaondoka nakala za akiba. Ujana wake wote ulikuwa mle ndani. Alikuwa analia kwa sauti, na mama yake, asiyejua kilichotokea, alimshika mabega akisema, "Nani alikufa? Mwana wangu, nani alikufa?"

Ofisini, ile ramani ilizimika mbele ya macho ya Adrien. Yakabaki maneno machache: hakuna akaunti yenye jina hilo.

"Iko nini?" Rigobert aliuliza.

"Imeisha, Komanda." Adrien alirudi nyuma kutoka kwenye meza. "Alifuta. Depo Yetu haiko tena."

Komanda aliichukua ile kompyuta kwa mikono miwili akaipiga kwenye kona ya meza, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ikabaki vipande. Sauti ile ya kanisani ilikuwa imekwisha. Alitoka hadi ukumbini akawatukana vijana wake, akaamuru pikap ziwashwe, akaamuru yule mwanamke atafutwe Katuba.

Kwa muda mfupi huo mashemeji walibaki wawili.

"Mujinga weye!" Adrien alimkamata Kasereka kwenye kola. "Ulikuwa unaficha nini? Bunga? Bunga tu?"

"Bantu." Kasereka alitema jino. "Mule mu malori ni bantu. Benita eko mule."

"Uongo. Benita nilimwacha ku nyumba. Nilimuambia asitoke."

"Ulimwacha, ukaenda kufunga hiyo kitambaa. Bantu ba avenue yenu bakakuya na petroli. Alikuya kwangu miguu wazi, na mutoto mugongoni. Miye mwenyewe nilimupandisha lori."

Adrien aliiachia ile kola, akakitazama kitambaa kilichofungwa mkononi mwake.

Rigobert alirudi. Alimpigisha Kasereka magoti, akamtia mtutu wa bastola mdomoni, kati ya meno yaliyobaki.

"Mara ya mwisho. Barabara gani?"

Akautoa mtutu kidogo ili apate jibu.

Kasereka alifikiria Kasomeno, na magari yale yakienda taratibu kuelekea mtoni. Akachagua mahali pa mbali kabisa na hapo, upande wa pili wa mji.

"Kasumbalesa," alisema. "Inaenda Kasumbalesa."

"Anasema kweli?" Rigobert alimuuliza Adrien. "Weye unamujua."

Kasereka hakuthubutu kumtazama shemeji yake. Alitazama buti. Damu ilikuwa inamdondoka kidevuni, na alisikia kila tone.

"Anasema kweli, Komanda," Adrien alijibu. "Niliona ku ekra, mbele ya kuzimika. Barabara ya Kasumbalesa."

"Nikikuta barabara haina kitu, nitarudia hapa. Nitaanza na weye, Adrien, juu weye njo unajifanya rafiki."

Wakaondoka. Pikap mbili zilizojaa bunduki zilinguruma kwenye barabara kuu na kuelekea kusini. Nyuma walimwacha kijana mmoja mwenye bunduki kwenye ngazi, mgongo wake ukionekana penye mlango.

Adrien alikata shati lake akamfunga Kasereka mkono. Hakuwa mpole. Alivuta kitambaa mpaka Kasereka akauma ulimi.

"Juu ya nini ulinitoa mu kampuni?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Unaniuliza leo?"

"Lini tena?"

"Bale ba mtaji balisema batakubali patron mumoja tu. Nilijichagua miye." Kasereka aliegemea ukuta, karibu na mzee Léonard, ambaye walikuwa wamemfunika kwa pazia. "Nipige, kama unataka."

Adrien alimpiga. Kofi moja, kali, la usoni. Kisha akakaa chini mbele yake akajifunika macho kwa mikono.

"Sasa tumuite Benita," alisema baadaye, Kasereka alipokwisha kumnong'oneza kwamba malori yalishika barabara ya Kasomeno. "Tumuambie bakaze mwendo."

Alipiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Ita madereva," alisema Adrien. "Unipe namba zao."

Kasereka alitikisa kichwa.

"Namba zao zilikuwa mu Depo Yetu."

"Zote?"

"Zote. Nani anaandikaka namba mu kichwa?"

Walijaribu simu ya Émerance. Imezimwa. Huenda alikuwa njiani, huenda walikuwa wamempata. Kampuni iliyokuwa inajua lilipo kila lori la Katanga sasa ilikuwa watu wawili sakafuni, mmoja na mkono uliovunjika, na hakuna kati yao aliyejua hata familia yake iko wapi.

Jua liligeukia upande wa pili wa jengo. Mjini risasi zilipungua, zikaongezeka, zikapungua. Mlinzi wa kwenye ngazi alivuta sigara na kuimba wimbo wa kwaya. Adrien alirudia kupiga mpaka betri ikaanza kumtisha.

Kisha simu ikalia yenyewe.

"Benita!"

"Adrien? Mungu wangu, uko hai!" Sauti ilikuwa mbali, imechanganyika na mngurumo wa injini na kilio cha mtoto. "Kaka eko na weye?"

"Eko hapa. Musikie. Munafika Kasomeno? Mulishavuka?"

"Hatukufika. Kilalo, ile daraja, balikichoma, hakuna kupita. Tulikuta bantu banapigana pale, bakatupiga masasi. Dereva wa lori ya nyuma alikufa, Adrien. Tukageuka."

Kasereka alijivuta kwa kiwiko hadi karibu na simu.

"Mukageuka wapi?" alipaza sauti. "Benita! Mukageuka wapi?"

"Tulipita njia za mashamba, kaka, tukazunguka muji. Sasa tuko muzuri. Tuko pa lami, pa goudron. Tunaenda Kasumbalesa."

Adrien aliangalia uso wa shemeji yake. Uso huo ulikuwa umekufa.

"Benita," Adrien alisema. "Mutoke pa barabara. Sasa. Muingie mu pori."

"Unasema nini? Sikusikie. Réseau inakatika..."

"Mutoke pa barabara!"

"Usiogope, tunapata musaada. Kuko pikap mbili zinatoka kule mbele, zinakuya kwetu na mbio. Dereva anasema ni jeshi, ziko na bunduki kubwa, mitrailleuse. Anasimama, anataka tuombe batusindikize."

"Hapana! Si jeshi! Kimbia, Benita, ni..."

Mlinzi alikuwa tayari ndani. Kitako cha bunduki kilimpata Adrien nyuma ya sikio, akaanguka kifudifudi, na simu ikamtoka mkononi ikateleza juu ya vioo hadi miguuni pa mzee Léonard. Kasereka aliirukia kwa mkono mzima. Mlinzi akamkanyaga ule uliovunjika.

Simu ilibaki wazi sakafuni. Injini ya lori ilisikika ikizimwa. Ukasikika mlango wa gari, kisha mwingine, hatua kwenye lami, na turubai likifunuliwa.

Kisha sauti ya Benita, ya furaha kabisa, ikisalimia:

"Jambo, ba papa. Mungu asifiwe, mumefika."